Nimeitwa kampuni ya ndege za kukodi pale Wilson, niache kazi ya JKIA?

KijanaWaUtawala:
Wakuu, habari zenu. Niko kaunta ya abiria JKIA, ule uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, kampuni ya ndege za ratiba. Zamu za mwezi mzima nazijua mapema na mshahara hauchelewi, ila kupanda cheo ni ndoto. Sasa kampuni moja ya ndege za kukodi pale Wilson, uwanja mdogo wa hapahapa Nairobi, imeniita idara ya operesheni: kupanga safari, kufuatilia vibali, kupokea wateja. Mshahara unazidi wangu kidogo, na kuna marupurupu ya kulala nje. Wana ndege ndogo kadhaa aina ya Caravan, na Dash 8 moja iliyo kubwa zaidi. Nina mke na mtoto mdogo. Nilipomuuliza meneja saa za kazi, alicheka akasema, "Hapa tunafanya kazi mteja akiwa na kazi." Waliopitia huko, maisha yakoje?

Dispacha_Mstaafu:
Huyo meneja hakukuficha kitu. Huko uliko, ndege inaondoka hata abiria wakiwa watano. Huku, siku hiyo ndege ni ya mteja, na mteja hana haraka.

Nikupe jioni moja ya kawaida. Ndege iko kiwanja cha Ol Kiombo, Maasai Mara, inasubiri wageni. Viwanja vya huko ni vya changarawe na havina taa, kwa hiyo jua likizama hakuna kuruka. Saa kumi na moja unampigia meneja wa kambi, anakwambia wako njiani ila wamemkuta chui juu ya mti. Rubani anakupigia, anataka jibu. Mteja wa kesho alfajiri ameahidiwa ndege hiyohiyo. Wewe ndiye unaamua: unatafuta ndege nyingine, au unamwombea rubani kitanda kambini na kumtuliza wa kesho? Bosi naye simu haipokei.

Kama hilo linakusisimua, njoo. Likikuumiza kichwa kabla hujaanza, baki JKIA.

MizaniHaiongopi:
Asisahau mizani! Mimi niko kaunta hukuhuku Wilson. Tumewaandikia wageni kilo 15, begi laini. Mtu anashuka na sanduku gumu la magurudumu, kilo 28, na hasira juu. Unamweleza kwamba Caravan 208B uzito wake wote wa kuruka ni takriban kilo 3,970, humo mna ndege yenyewe, mafuta na watu; kwamba Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hewa inakuwa nyepesi, ndege haiinui mzigo mwingi. Anakuangalia tu. Kisha unamwomba naye apande mizani, mbele ya mkewe. Hapo ndipo utajua kama una kipaji.

RubaniWaVumbi:
Yote kweli, lakini swali kubwa hajauliza: pesa ya hiyo kampuni inatoka wapi? Kampuni mbili zinaweza kupakana ukuta pale Wilson na maisha yakawa mbali kabisa.

Ikiwa ni watalii, Julai hadi Oktoba hutaiona familia. Aprili na Mei mvua ikinyesha, kambi nyingine zinafungwa na mnaanza kuambiwa mchukue likizo. Ikiwa ni kusafirisha miraa, kumbuka Somalia ilifunga mlango Machi 2020 na haikufungua hadi Julai 2022. Waliotegemea mzigo huo waliona cha mtema kuni. Ikiwa ni mashirika ya misaada, kazi ilikuwa ya uhakika kuliko zote, mpaka Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025. Uliza kandarasi zilizobaki ni za muda gani. Wanasiasa nao ni wa msimu: ukikaribia uchaguzi wa 2027 helikopta hazitatosha, na malipo utayafuatilia hadi magoti yaume.

Jambo jingine. Sisi marubani sheria inatuwekea kikomo cha saa za kuruka na za kupumzika. Wewe wa operesheni usitarajie mtu akuhesabie. Simu ikilia saa tisa usiku ni yako.

MamaTasha:
Nazungumza kama mke wa fundi wa ndege. Hayo marupurupu ya kulala nje yanalipwaje? Mume wangu alipelekwa Juba "siku mbili", injini ikasumbua, akakaa mpaka spea ikafika. Alijilipia chakula na malazi, kisha akaambiwa alete risiti. Risiti gani, za mama wa maharagwe? Aulize kama pesa inatolewa kabla ya safari.

Mpita_Njia:
Sisi wa Githurai ndege tunaiona tumbo tu. Chukua kazi ndugu, ukikataa nitumie namba ya huyo meneja.

KaraniWaSheria:
Sheria ya Ajira ya 2007 haijaisamehe Wilson. Angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo, na muda wa majaribio usizidi miezi sita, ukiongezwa usipite mwaka. "Mteja akiwa na kazi" si kifungu cha mkataba.

KijanaWaUtawala:
Asanteni sana. Nimempigia. Wana kandarasi na kambi mbili za Mara na shirika moja la misaada, ya shirika inaisha Desemba. Pesa ya kulala nje inatolewa kabla. Ila siku za kukaa tayari nyumbani, simu mkononi, hazijaandikwa popote wala hazilipwi. Amesema "tutaelewana."

Dispacha_Mstaafu:
Hapo kwenye "tutaelewana" ndipo pa kukaza. Mwambie aandike zamu za simu: wiki hii wewe, wiki ijayo mwenzako, na aliyeshika simu usiku haingii alfajiri. Kama operesheni ina mtu mmoja tu, yaani wewe, usiende kwa nyongeza kidogo. Na barua ya kujiuzulu isitoke kabla mkataba haujasainiwa pande zote mbili.

Halafu kutoka mtaani kwako Utawala hadi Wilson saa kumi alfajiri utafikaje? Matatu ni za kuunganisha, teksi kila siku itakula hiyo nyongeza yote.

KijanaWaUtawala:
Nimemsomea mke uzi wote. Hajasema ndiyo wala hapana, anauliza nyumba ya vyumba viwili Nairobi West, karibu na Wilson, ni pesa ngapi. Mwenye fununu anijulishe.