Lori linavuta kushoto ingawa alaimenti ya mbele iko sawa

Mwenye Tela aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nina lori la kichwa na tela linalobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Kigali. Likiwa na mzigo huvuta kushoto, kiasi kwamba dereva hulazimika kuushikilia usukani ukiwa umekatwa kidogo kulia ili gari liende moja kwa moja. Tairi la mbele la kushoto linalika ukingo wa nje, na la kulia linalika ukingo wa ndani. Gereji wamepima alaimenti (mkao na mwelekeo wa magurudumu) ya mbele na kusema haina kasoro. Je, nianze kwa kubadilisha matairi?

Msafiri wa Kahama alijibu:

Kabla hujagusa bolti yoyote, tenganisha kosa la barabara na kosa la gari. Lami hujengwa ikiwa na mteremko kutoka katikati kwenda ukingoni ili maji ya mvua yatoke, na mteremko wa asilimia 2.5 ni wa kawaida kabisa. Kwa lori la tani 40, mteremko huo peke yake unalivuta kuelekea ukingoni kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja hivi. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo karibu kila lori huelemea kushoto kidogo. Bahati yako ni kwamba Rwanda wanaendesha kulia. Muulize dereva: akishavuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda, gari linaendelea kuvuta kushoto, au linageuka na kuvuta kulia?

Mwenye Tela:

Nimemuuliza. Anasema ng'ambo ya Rusumo mvuto hupungua, lakini bado ni wa kushoto.

Fundi Springi alijibu:

Basi kosa ni la gari lenyewe, na mimi ningeanzia nyuma. Ekseli za difu (mihimili ya magurudumu ya nyuma yanayozungushwa na injini) ndizo zinazolisukuma lori, na zisipokaa mraba na chasisi (fremu ya gari) husukuma kitako upande mmoja, pua ikaelekea upande wa pili, hivyo dereva akabaki amekata usukani safari nzima huku matairi ya mbele yakikwaruza lami badala ya kubingirika tu. Ulaji ulioueleza, kushoto nje na kulia ndani, ndio hasa unaotokea magurudumu ya mbele yanaposhikiliwa kuelekea kulia kwa muda mrefu.

Nyoosha usukani, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la kwanza la difu, kila upande. Lori huvuta upande ambao umbali huo ni mfupi. Ukikuta kushoto ndiko kufupi, tafuta kilichoisogeza ekseli: senta bolti ya springi (inayoshikilia majani ya springi pamoja) iliyokatika, yu-bolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea, au bushi (mipira ya maungio) za torki rodi (vyuma vinavyoishikilia ekseli isisogee) zilizokwisha. Bushi mbovu hujitambulisha mapema, kwa sababu mvuto hubadilika dereva anapokanyaga mafuta na anapoyaachia. Pima pia kama ekseli mbili za difu ziko sambamba, maana zisipokuwa hivyo zinashindana zenyewe kwa zenyewe na kula matairi ya nyuma.

Jihadhari na fundi atakayependekeza kuichezea alaimenti ya mbele ili kuuficha mvuto. Usukani utanyooka kwa muda, na kosa litabaki palepale.

Msafiri wa Kahama:

Naongeza jambo dogo. Mvuto ukizidi wakati wa kufunga breki, hilo ni suala la breki. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila haba (kitovu cha gurudumu) bila kuigusa; yenye joto kupita mwenzake ina breki inayoshika. Upepo wa matairi nao upimwe yakiwa ya baridi.

Mwenye Tela:

Nashukuru sana. Na tela lenyewe haliwezi kuwa chanzo?

Fundi Springi:

Linaweza. Kichwa kiendeshwe bila tela kwenye barabara hiyohiyo. Mvuto ukitoweka, pima kutoka pini ya tela (inayoliunganisha na kichwa) hadi kila ncha ya ekseli yake ya kwanza. Tofauti ikizidi takriban milimita 3, tela linakwenda mshazari na linakiburuta kichwa. Matairi mapya yanunuliwe mwisho, vipimo vyote vikishakaa sawa, kwa kuwa ukiyafunga leo yatalika vilevile. Kwa sasa unaweza kubadilisha nafasi za tairi la kushoto na la kulia hapo mbele: mvuto ukihamia kulia, tairi lenyewe lina kasoro.