Mama yake Ash wa Pokémon: yeye mzembe au mimi muoga?

Mama Sudi Cherehani:

Habari za jioni wakuu. Mniwie radhi, mimi si mtu wa katuni. Ni fundi cherehani, kazi zangu nafanyia sebuleni, kwa hiyo anachotazama mwanangu nami nakisikia nitake nisitake. Ametimiza miaka 10 mwezi uliopita na siku hizi ni Pokémon asubuhi, Pokémon jioni, ile katuni ya Ash, mtoto wa miaka 10 kama wangu, anayeondoka nyumbani kwenda kukamata na kufunza viumbe wa ajabu waitwao Pokémon.

Juzi nikasimamisha mashine nikaitazama ile sehemu ya kwanza kabisa. Ash kachelewa kuamka siku ya safari, kakimbilia kwa Profesa Oak, anayewapa watoto Pokémon wao wa kwanza, na nguo za kulalia. Pokémon watatu, Bulbasaur, Charmander na Squirtle, wameshachukuliwa na wenzake, kabaki Pikachu, yule wa umeme, mwenye kiburi. Mama yake, Delia, anamfuata na begi: viatu, suruali, chupi, vitafunio, mpaka glavu za mpira za kufulia. Majirani wanashangilia. Basi, mtoto kaondoka! Hata siku haijaisha, keshavamiwa na kundi la ndege na Pikachu yuko hoi.

Jana nimemkuta Sudi kafungasha begi la shule. Fulana mbili, biskuti, na glavu zangu za kuoshea vyombo. Namuuliza waenda wapi, ananijibu, "Mama yake Ash alimruhusu." Nikakosa la kusema. Huyu mwanamke ni mzembe, au kuna kitu sijakiona? Na baba wa mtoto yuko wapi?

Mzee wa Gameboy:

Shikamoo Mama Sudi. Nimecheka hapo kwenye glavu, maana Ash anazivaa kweli, ili Pikachu asimpige shoti.

Baba hajawahi kuonekana. Ash anapompigia mama yake simu toka mji wa Viridian, Delia anamwambia baba yake alitumia siku nne kufika huko. Ndiyo hivyo, zaidi ya hapo ni kudokezwadokezwa tu.

Ila mimi nilianzia kwenye michezo ya video ya Pokémon, si kwenye katuni. Ile ya mwanzo ilitoka Japani mwaka 1996, katuni ikafuata 1997. Kwenye mchezo mama hana hata jina. Amekaa mezani, televisheni inaonyesha watoto wanne wanatembea kwenye reli, naye anakwambia wavulana wote huondoka nyumbani siku moja, kasikia kwenye televisheni. Hakuna kulia, hakuna begi. Lakini ukirudi umechoka, Pokémon wako wamejeruhiwa, anakwambia pumzika kidogo, na ukiinuka wote ni wazima.

Kilichonikaa rohoni ni yule mama wa michezo iliyofuata, Gold na Silver, 1999. Anakuuliza: nikuwekee hela? Ukikubali, kila ukishinda pambano robo inakwenda kwake. Halafu uko katikati ya safari, simu inaita: mwanangu, nimeona kitu kizuri dukani nikakununulia, nimetumia hela yako. Midoli! Nilikumbuka hela zangu za Idi zote "alizoniwekea" marehemu mama. Angalau huyu wa mchezo alikuwa anatoa taarifa.

Binti Mbaraka:

Mzee wa Gameboy, hela ya Idi tuiache, wengine bado tunadai.

Dada Mama Sudi, usimhukumu Delia kwa siku moja. Tafuta filamu ya tatu, ya mwaka 2000. Kuna mtoto anaitwa Molly, baba yake mtafiti katoweka, mama hayupo. Pokémon waitwao Unown wanatimiza anachotamani, anatokea Pokémon mwingine, Entei, awe baba yake, kisha mtoto anataka na mama. Entei anaenda kumchukua Delia! Anamtia kwenye usingizi fulani, anaamini kweli yeye ni mama wa Molly, na fahamu zinamrudia baada ya kumwona Ash kwenye televisheni akipanda kumfuata. Na hata akili ilipomrudia hakumfokea yule mtoto. Mimi hapo ndipo nilipomwelewa. Mwanamke kaibwa na bado anamhurumia mtoto wa mwenzie.

Kabla ya hapo, filamu ya pili, alisafiri na Profesa Oak mpaka visiwani kumtafuta Ash wakati bahari imechafuka. Ash kaokoa dunia, watu wanampongeza, mama anamsema: mara nyingine akitaka kuokoa dunia aiokolee karibu na nyumbani.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa Kiingereza, miaka ile ya mwanzo, Ash na Delia waliigizwa na mtu mmoja, Veronica Taylor. Kwa hiyo mama anapogomba na mtoto anapojitetea, koo ni lile lile.

Kipanga22:

Mbona hamjamtaja Mr. Mime, yule Pokémon anayeishi kwa Delia? Mtoto kaondoka, mama kapata wa kumfagilia uwanja. Kuanzia hapo mimi nilijua Delia hana shida yoyote.

Mama Sudi Cherehani:

Marahaba Mzee wa Gameboy, na poleni wote mliodhulumiwa hela za Idi. (Sudi za kwake ziko kwenye kopo la vifungo, na zipo, sijagusa.)

Filamu ya tatu tumeitazama leo mchana, nikaacha sare za watu zinasubiri. Delia alipochukuliwa, Sudi alisogea akakaa karibu na pedali ya cherehani, hakusema kitu mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Sasa yule mama akiibwa na Ash yuko mbali, nani atajua?" Nikamwambia, ndiyo maana anampigia simu kila mara kumuuliza kama amebadilisha chupi.

Begi bado hajalifungua. Tumekubaliana aanze na safari ya kwa bibi yake Pangani, Jumamosi, na mimi nikiwa kiti cha nyuma. Glavu kanirudishia, ila moja tu, ya kulia. Ya kushoto anasema ni ya Pikachu.

Binti Mbaraka:

Mwachie, dada. Nunua nyingine.

Mama Sudi Cherehani:

Nimeshanunua. Jozi mbili.