Tupeane uzoefu: ni somo gani la hesabu au sayansi lililokuja kukusemesha ukubwani?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, hesabu, mwaka wa 17 sasa. Nimeolewa miaka 14 na mtoto sijapata. Natanguliza hilo kwa sababu bila hilo kisa changu hakieleweki.

Kila mwaka nafundisha namba tasa. Mnazikumbuka: 2, 3, 5, 7, 11, 13, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Miaka ya mwanzo nilikuwa naziandika ubaoni na kupita. Mwaka mmoja, kipindi cha tatu, mtoto wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, kwa nini zinaitwa tasa?"

Darasa likanyamaza. Haukuwa ukimya wa kungoja jibu. Ulikuwa ukimya wa watoto 70 waliokwisha kusikia majumbani kwao mwalimu wao anaitwaje. Chaki ikanikatikia mkononi. Nikamjibu la kitabuni, kwamba hazina vigawo vingine, nikawapa zoezi, nikatoka kama naenda ofisini.

Kesho yake somo lilikuwa kuchambua namba kwa vigawo tasa. 12 ni 2 × 2 × 3. 30 ni 2 × 3 × 5. 84 ni 2 × 2 × 3 × 7. Kazi hiyo nimeifanya mara zisizo na idadi, lakini siku ile ndipo nilipoitazama. Kila namba nzima kuanzia 2 kwenda juu, ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa kwa tasa, na kwa namna moja tu. Wewe anza kuchambua 84 kwa 7, mimi nianze kwa 2, wote tutaishia kwenye 2, 2, 3 na 7. Tena tasa haziishi: Mgiriki Euclid alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Nikawaambia watoto: "Haya, futeni tasa zote, halafu mnijengee 12." Yule wa dawati la mbele akafuta kwa kidole, akafuta, akabaki na 1. Akainua daftari anionyeshe, kama vile kosa ni langu.

Sisemi hesabu ilinitibu. Mawifi ni wale wale na maneno ni yale yale. Ila nikiliandika neno lile ubaoni siku hizi, mkono hautetemeki.

Zamu yenu. Sharti langu moja tu: fumbo lihimili hesabu yenyewe. Zile za wahamasishaji, "jumlisha marafiki, toa maadui", tumezichoka tangu madaftari ya kidato cha kwanza.

MdeniSugu

Umewataja wahamasishaji, umenitonesha kidonda.

2021 nilihudhuria semina moja, kiingilio elfu kumi. Jamaa akapanda jukwaani: "Hasi kwa hasi ni chanya! Matatizo mawili yakikujia kwa mpigo, jua baraka imefika!" Nikatoka kifua mbele. Wakati huo nadaiwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, laki mbili. Nikaenda kuchukua kausha damu nyingine, laki tatu, nilipe ya kwanza na inayobaki nitie kwenye mitumba. Mitumba ikadoda, ya kwanza sikuilipa. Miezi mitatu baadaye wakabeba televisheni na kitanda, godoro wakaniachia kwa huruma.

Mdogo wangu wa kidato cha pili ndiye aliyenikalisha chini na kalamu. "Kaka, wewe hukuzidisha. Ulijumlisha." Hasi laki mbili jumlisha hasi laki tatu. Malizieni wenyewe.

Mbishi Mstaarabu

Mwalimu, pole kwa yote, na nasema kwa heshima. Hiyo "tasa" ni jina waliloliweka wataalamu wa istilahi za Kiswahili. Waingereza na Wafaransa wanaziita kwa neno lenye maana ya "za kwanza". Namba 7 yenyewe haina habari kama ni tasa au ni ya kwanza. Mnaibebesha hesabu huzuni zenu.

Mwalimu wa Zamu

Mbishi, hapo kwenye jina nakubali, jina ni letu. Lakini kwamba ukizifuta zote unabaki na 1 mkononi, hilo hata Mwingereza akiziita embe litabaki vile vile. Mimi nilishika hilo la pili.

Mwana wa Mkutubu

Mie nina dogo tu. Shufwa na witiri tulizijua chuoni kwa ustadhi kabla ya kuzikuta shuleni, maana Suratul Fajr inaapa kwazo. Marehemu bibi baada ya Isha alikuwa hakubali kulala bila kuswali witiri yake, hata homa imemshika. Nilipofundishwa skuli kwamba witiri ni ile inayobakiza moja ukiigawa kwa mbili, nilicheka peke yangu. Sisi wajukuu tulikuwa saba, na siku zote katika kugawiwa vitu kwa jozi nilibaki mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikilala kitandani kwa bibi.

KuniZaMzee

Yangu inaitwa jotofichi.

Nilimaliza chuo 2016, nikakaa nyumbani Njombe miaka minne bila ajira. Kila asubuhi mzee akiwa anaota moto jikoni: "Vipi, kuna jipya?" Hakuna, baba. Nafanya usaili, narudi. Nabadilisha wasifu, natuma tena. Hakuna.

Siku moja niko na sufuria ya maji ya ugali nikakumbuka maabara ya kidato cha tatu. Tulipewa kipima joto na birika, tuandike joto kila dakika. Likapanda, likapanda, maji yalipoanza kuchemka likagota. Moto uko pale pale, unawaka, na kipima joto hakisogei hata nukta. Mwenzangu alidhani kimeharibika akaanza kukitikisa. Mwalimu akatueleza kwamba moto haupotei: unatumika kuzifungua chembe za maji ziachane, ziwe mvuke; hilo ndilo jotofichi. Na ile kazi isiyoonekana ndiyo kubwa. Kupasha kilo moja ya maji kutoka 0 mpaka 100 ni kama kilojuli 420. Kuyageuza yote mvuke yakiwa pale pale kwenye 100 ni kama 2,260, zaidi ya mara tano. (Huku kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufika 100, ndiyo maana maharage ya Njombe yanakula kuni. Ila kugota kunagota vile vile.)

Nikaona nimepata pa kujitetea. Mzee alipouliza tena nikamweleza yote, kipima joto, kilojuli, chembe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachochea moto, akasema: "Nimekuelewa, mwanangu. Lakini hizo kuni nanunua mimi."

Kazi niliipata 2020. Mzigo wa kwanza wa kuni niliupeleka mwenyewe.

FundiFriji wa Tanga

Kwa sisi wa mkoa huu hamuwezi kupita bila kumtaja Erasto Mpemba. 1963, sekondari ya Magamba kule Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu. Utaratibu ni kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo uyaweke kwenye friji. Nafasi zinaisha, kijana akaona bora ayatie yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Kuuliza darasani akaambiwa amechanganyikiwa, akataniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipofika Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Denis Osborne, na Mpemba akamuuliza tena lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne akarudi Dar akajaribu, na 1969 wakachapisha pamoja.

Sasa mimi friji ndiyo ugali wangu, nimejaribu mara nyingi na vikombe vya bati. Mara cha moto kinatangulia, mara hakitangulii. Kwenye friji za zamani zenye barafu chini, kikombe cha moto kinayeyusha ile barafu na kukaa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo kinapata ubaridi vizuri kuliko jirani yake. Wanasayansi hadi leo wanabishana. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu anasema "aliyeungua ndiye anayepoa haraka", bado halijathibitika. Mimi ninachobaki nacho ni ile mara ya pili. Ukishachekwa mara moja kwa swali lako, kulirudia mbele ya mgeni na wenzako wamekaa nyuma si kazi ndogo. Mimi shuleni niliuliza mara moja, nikachekwa, sikuuliza tena. Sitaji swali.

BintiMwani

Asalaam aleikum. Mie nalima mwani Jambiani. Sisi kazi yetu inakwenda na bamvua: maji yakipwa sana ndipo tunashuka, tunafunga mbegu kwenye kamba, tunang'oa iliyokua. Siku za maji mafu bahari haikauki vya kutosha, tunakaa na watoto.

Bamvua ni mbili kwa mwezi. Moja mwezi ukiwa mpevu, nayo haina ajabu, mwezi unauona mkubwa juu yako. Nyingine ni mwezi ukiandama, usiku giza tupu, hujui mwezi uko wapi, na bahari inapwa na kujaa kwa nguvu ile ile. Nilikuwa nalichukulia hivyo hivyo mpaka mwanangu wa sekondari aliponichorea mchangani kwa kijiti. Mwezi unapoandama uko upande wa jua, wanavuta pamoja, ila upande wake wenye nuru umetupa mgongo. Haukwenda popote.

Mume wangu yuko Maskati mwaka wa sita. Nilimtazama mtoto na mchoro wake, nikamwambia, haya, shika kamba ile, maji yanarudi.

Mbishi Mstaarabu

BintiMwani, kwako sina ubishi.

Mshenga wa Pili

Namalizia na ya mahari. Kaka yangu Mhaya, binti ni wa Pemba. Kikao cha kwanza kilivunjika kabla ya soda kufunguliwa. Huku wanataka mambo ya Bukoba, kule wanataka ya kwao, kila mtu anasema "sisi asili yetu". Kikao cha pili akaja babu mmoja upande wa binti, mwalimu mstaafu, akaomba karatasi. Akaandika nusu jumlisha theluthi.

"Nani atajumlisha hizi zilivyo?" Kimya. "Hazijumlishiki, namba za chini, yaani asili zake, ni tofauti. Sasa tutafute asili ya pamoja." Akaandika 3/6, akaandika 2/6. "Nusu imepunguzwa? Theluthi imepunguzwa? Zote zimezidishwa juu na chini, thamani iko pale pale." Akaandika 5/6 akasukuma karatasi katikati ya meza.

Mjomba wetu akauliza ile sita yenyewe ni shilingi ngapi, tukarudi kwenye mabishano saa mbili nzima. Lakini soda zilifunguliwa.

Mwalimu wa Zamu

Mshenga, Jumatatu naanza sehemu na darasa langu. Hiyo ya mahari naiiba, na babu nitamtaja kwa heshima zake zote.