Karatasi ya kitabu: FSC Mix, iliyorejelezwa 100% au ECF isiyo na asidi? Jibu linatakiwa Ijumaa

Mwandani
Wadau habari zenu. Tunachapa kitabu na mchapaji ametuletea sampuli tatu za karatasi. Ya kwanza imeandikwa FSC Mix. Ya pili "imerejelezwa 100%", ina ile alama ya mishale mitatu inayofukuzana. Ya tatu imeandikwa ECF, haina asidi, na chini yake "rafiki wa mazingira". Kamati inataka ile isiyoharibu mazingira, na mimi ndiye niliyetwishwa mzigo wa kuamua. Ipi ni bora?

Bi_Rimu
Karibu, ila hujatupa cha kushika. Kitabu gani? Nakala ngapi? Kinasomwa msimu mmoja au kinawekwa maktaba? Maandishi matupu au kuna picha za rangi? Na hiyo FSC, umepewa namba ya leseni?

Nyuzi_Ndefu
Chukua iliyorejelezwa, mkuu. Mti haukukatwa, mjadala umekwisha.

Fundi_Rojo
Haujaisha, ndugu yangu. Nimekaa miaka mingi kwenye kutengeneza rojo la karatasi na kosa hili nalikuta kila mara. Lebo hizo tatu hazijibu swali moja. FSC, lile baraza la kimataifa la vyeti vya misitu, inahusu mbao zilikotoka. ECF inahusu rojo lilivyopaushwa. Kutokuwa na asidi kunahusu karatasi itadumu muda gani, wala si cheti cha mazingira. Karatasi moja inaweza kuwa na sifa zote tatu. "Rafiki wa mazingira" ifute kabisa kwenye hesabu zako, kwa sababu yeyote anaweza kuiandika.

Na hilo neno Mix lisikupite. FSC wana lebo tatu: 100%, Recycled na Mix. Kwenye Mix, angalau 70% iwe ya misitu yenye cheti au iliyorejelezwa, na zinazobaki ziwe mbao zilizochujwa ili zisitoke kwenye ukataji haramu na mengine yanayokatazwa. Si uongo, lakini si msitu wenye cheti mwanzo hadi mwisho kama watu wanavyodhani.

Maji_Safi
Mbona hakuna anayeuliza kuhusu TCF? ECF maana yake hawakutumia gesi ya klorini, lakini wametumia klorini dioksaidi, ambayo bado ni jamii ya klorini. TCF hawatumii klorini ya aina yoyote, wanapausha kwa oksijeni, ozoni na haidrojeni peroksaidi. Ukijali mto ulio chini ya kiwanda, TCF ndiyo jibu.

Fundi_Rojo
Kwenye maana uko sahihi, Maji_Safi. Ila dioksini, zile sumu zilizowashtua watu miaka ya 1980 zilitokana hasa na ile gesi, na kuiacha kulizipunguza mno. Siku hizi sehemu kubwa ya rojo linalopaushwa duniani ni ECF, kwa hiyo herufi hizo hazimtofautishi sana muuzaji wake na wengine. Mimi ningeuliza maji machafu yanasafishwaje kabla ya kutoka kiwandani.

Maji_Safi
Kupunguza si kumaliza. Hapo sikubaliani nawe na sitakubali.

Mhariri_Mstaafu
Mwandani, ngoja nikusimulie yaliyotupata, usije ukaangukia shimo lilelile. Tulichapa kitabu cha maadhimisho. Mchapaji akatuhakikishia karatasi ina FSC, hata bunda akatuonyesha, nembo ipo na namba ipo. Tukaomba nembo iwekwe ukurasa wa hakimiliki, akaiweka. Kazi ikatoka nzuri, tukagawa nakala za kwanza kwa wafadhili. Mmoja wao akachukua ile namba akaitafuta kwenye hifadhidata ya FSC. Ikawa ni namba ya muuzaji wa karatasi. Mchapaji wetu mwenyewe hakuwa na cheti cha aina yoyote.

Ndipo nilipojifunza kuwa kuna mnyororo wa uangalizi: kila anayeimiliki na kuigeuza karatasi, toka msituni hadi kitabu kilichokamilika, lazima awe na cheti. Kiungo kimoja kikikatika, karatasi inaweza kuwa ileile ya bunda lile, lakini kitabu hakiruhusiwi kubeba nembo. Tulikaa siku mbili tukibandika vipande vya karatasi juu ya nembo, nakala moja baada ya nyingine, na barua ya kuomba radhi niliiandika kwa mkono wangu. Mchapaji alisema hakujua. Namwamini, lakini aibu ilibaki kwetu. Omba namba ya mchapaji, si ya karatasi.

Mwandani
Shikamoo Mhariri, asante sana. Bi_Rimu, samahani kwa kuchelewa kujibu. Ni masimulizi ya wazee wetu, maandishi na picha chache nyeusi na nyeupe. Tunataka vijukuu wakisome kitabu hiki.

Bi_Rimu
Hilo ulipaswa kulianza nalo! Kama ni cha kudumu, ulizia ISO 9706, kipimo cha kimataifa cha karatasi ya kudumu. Kipimo hicho kinataka akiba ya alkali, yaani kinga dhidi ya asidi, sawa na angalau 2% ya kalisi kaboneti, na lignini iliyobaki iwe kidogo sana. Lignini, ile gundi ya asili ndani ya mbao, ndiyo inayoligeuza gazeti kuwa njano likikaa juani. "Haina asidi" peke yake haitoshi. Nakala ngapi, bado hujasema.

Nyuzi_Ndefu
Hata iliyorejelezwa inaweza kufikia kipimo hicho. Msiitupe.

Bi_Rimu
Inaweza, ila aonyeshwe kwa maandishi. Tena aulize asilimia ngapi ni karatasi iliyokwisha kutumiwa na watu, na ngapi ni mabaki ya ukataji kwenye viwanda vya uchapaji. Zote zinaitwa iliyorejelezwa. Na ile mishale ikiwa haina asilimia ndani au kando yake, inasema tu kwamba karatasi inaweza kurejelezwa.

Nyuzi_Ndefu
Ndiyo maana mimi naamini Blauer Engel, lebo ya mazingira ya Ujerumani. Ipo tangu 1978, na kwa karatasi za kuchapia inataka nyuzi zilizorejelezwa tu.

Fundi_Rojo
Lebo nzuri. Lakini nyuzi huchakaa kila zinaporudi kwenye rojo. Pasipo nyuzi mpya kuingia, mzunguko wote unakauka. Tunazihitaji zote mbili.

Maji_Safi
Mwandani, kama wasomaji ni wazee pia, fikiria karatasi ya rangi ya maziwa. Nyeupe pepe mara nyingi ina kemikali za kuing'arisha, na mimi hunichosha macho.

Mhariri_Mstaafu
Naunga mkono. Picha za zamani nazo hukaa vizuri kwenye rangi hiyo, mradi karatasi isiwe nyepesi hadi maandishi ya upande wa pili yaonekane.

Mwandani
Mchapaji ameniambia cheti anacho, kanitumia namba: FSC, halafu herufi C na tarakimu tano.

Bi_Rimu
Zinatakiwa sita. Mrudie leo hii, kisha uitafute mwenyewe uone jina linalotokea. Na nakala ni ngapi?