MJADALA: Memori ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ihamishike diskini au ikae RAM moja kwa moja?

Mtoa mada, Unguja: Assalamu alaykum wanabaraza. Vijana wetu wa kompyuta wameingiwa na fikra kwamba anayeandika draiva, programu inayoendesha kifaa, aombe memori isiyohama kila mahali, alale usingizi wake. Mimi napinga. Windows ina mafungu mawili ya memori ya kerneli: moja huhamishiwa diski RAM ikibana, ukurasa kwa ukurasa wa kilobaiti 4, jengine halitoki RAM mpaka aliyeliomba alirudishe. Kwenye mashine ya mtumba ya gigabaiti 2, draiva inayosahau kurudisha memori ya fungu la pili itaibana mashine kidogo kidogo mpaka uizime.

Mchangiaji, Wete: Sheikh, hapo sikufuati. Kadi ya mtandao imepokea pakiti (kipande cha data), prosesa imeacha kila kitu inaihudumia, draiva inagusa ukurasa uliokwisha kupelekwa diski. Nani aulete? Kusoma diski kunataka kungoja, na katika ngazi ile ya kukatiza kazi, wanayoiita IRQL, kungoja ni marufuku. Ni skrini ya buluu tu: DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, 0xD1. Na ubaya wake, kwako ukijaribu inakubali, kwa sababu ukurasa bado uko RAM. Inakwenda kuangukia kwa mteja. Linux imemaliza ubishi: memori ya kerneli haipelekwi diski hata kidogo.

Mtoa mada: Haijaumaliza, ndugu yangu. Huko nako lazima uchague. Ukiomba memori kwa GFP_KERNEL inaweza kukulaza ukingojea nafasi, kwa hivyo kwenye intarapti, pale prosesa inapokatizwa kazi, huigusi. GFP_ATOMIC haingoji, lakini inaweza kukurudisha mikono mitupu. Kujua uko ngazi gani hukukwepi popote. Na hilo la kuangukia kwa mteja lina dawa: washa Driver Verifier, chombo cha Windows cha kukagua draiva, upande wa ukaguzi wa IRQL. Kila draiva inapopanda ngazi, kurasa zake zinazohamishika zinafanywa makusudi kama zimeondolewa RAM. Kosa utaliona mezani kwako.

Mchangiaji mwengine: Mnagombania kilobaiti na kivinjari kinakula gigabaiti nzima!

Mtoa mada: Kivinjari nakifunga nikitaka, dada. Draiva ya diski utaifunga vipi? Bafa za pakiti, pale zinapowekwa kwa muda, nakubali, zikae RAM, sina ugomvi. Lakini jadweli ya mipangilio inayosomwa mara moja tu mashine inapowaka, wewe wa Wete, nayo unaizuilia RAM kwa sababu gani?