Kukata chuma na useremala chumba kimoja: tujikinge vipi?

FundiGeti: Wakuu, naomba ushauri. Tunachangia karakana ya mita 6 kwa 9. Mimi nakata bomba za mraba kwa grenda, jirani ni seremala, na rangi tunapuliza humo humo. Mlango mmoja, madirisha mawili. Mwenye nyumba hataki tukatie nje. Tuanzie wapi?

MkongweChuma: Anzia kwenye maranda. Cheche za grenda hufika hata mita 10, kwa hiyo humo ndani hakuna kona salama. Tena vumbi la mbao lililolala mara nyingi haliwaki papo hapo: cheche huzama chini, vumbi likafukuta kimyakimya saa mbili tatu, mwali ukatokea mmeshafunga na kuondoka. Fagieni kabla ya kukata, hadi juu ya kenchi. Acha kukata saa nzima kabla ya kufunga, zima umeme, kisha pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila pembe. Ukisikia joto, fukua umwagie maji.

DadaWelda: Siku ya rangi hakuna kukata, nakuomba sana. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye cheche zako bila kuuona. Na mkichomelea bomba zenye zinki, ule moshi mweupe huleta homa saa kadhaa baadaye, na mtu hudhani ni malaria.

FundiGeti: Asanteni. Nina diski za inchi 9 zimebaki. Nikitoa kava zinaingia kwenye grenda ndogo?

MkongweChuma: Usithubutu! Soma diski yenyewe: ya milimita 230 kikomo chake kwa kawaida ni mizunguko 6,600 kwa dakika. Grenda ndogo nyingi huzunguka 11,000. Itapasuka, na kava ndiyo ingezuia vipande visikufike usoni. Tazama pia tarehe kwenye pete ya katikati, ikishapita, tupa.

DadaWelda: Bomba nalo usiliegemeze ncha zote mbili. Linabonyea katikati, mkato unajifunga, diski inabanwa na grenda inakurukia. Bana upande mmoja kwenye jiliwa (kile kibanio cha chuma cha mezani), kipande cha kuondoka kining'inie.

FundiGeti: Nikining'iniza turubai kati yangu na seremala?

MkongweChuma: La plastiki litatoboka na kushika moto. Simamisha bati lifike chini kabisa, maana cheche hubiringika sakafuni na kupenya kwenye mwanya mdogo. Mtungi wa kuzimia moto wa poda, wa kilo 6, na ndoo ya maji viwe mlangoni. Poda haifiki chini ya maranda.