Naomba ushauri: kidau cha wino cha Kifaransa, nikisafishe au nikiache?

Habari zenu wakuu. Naishi Lyon, na nimenunua sokoni kwa wauza vitu vya kale kidau cha wino cha mezani, cha bronzi iliyochovywa dhahabu. Sinia lake lina miguu ya majani yaliyojikunja, vikopo viwili vya kioo, na katikati kombe la bahari ambalo upande wa kushoto haufanani na wa kulia. Mapambo hayo ni ya enzi za mfalme Louis XV (karne ya 18), lakini mafundi wa Paris waliyarudia sana chini ya Napoleon III (1852–1870), kwa hiyo mtindo peke yake haunipi umri.

Kinachonisumbua ni dhahabu. Zamani waliichanganya na zebaki, wakapaka, kisha wakachoma hadi zebaki ikapaa. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua kazi hiyo, na sumu yake pia. Kuanzia miaka ya 1840 ikaenea njia ya umeme. Changu kinang'aa kwenye kingo, kwenye mikunjo kimefifia, na chini hakina dhahabu kabisa, ni kahawia tupu. Skrubu moja ni mpya, hiyo haijifichi.

Je, chini kukosa dhahabu ni dalili ya njia ipi? Na wino uliogandia nautoaje? Muuzaji kanishauri dawa ya kung'arishia shaba. Sijathubutu, maana ile inakwangua na dhahabu yenyewe. Mwenye uzoefu anisaidie, picha nitaweka.